Zingifuri, Mawese na Chachu Nyekundu: Historia ya Rangi na Mafuta katika Maniema ya Kusini

1. Utangulizi

Historia ya Kasongo na Kabambare aghalabu huandikwa kama historia ya pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Kasongo hutajwa kama makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na kama mji ulioangukia mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo tarehe 22 Aprili 1893. Kabambare hutajwa kama kituo cha misafara kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba. Mambo hayo ni ya kweli, lakini yameufunika upande mwingine wa maisha ya nchi hiyo, nao ni ujuzi wa watu wake katika kupata rangi na mafuta kutoka kwenye mimea.

Ujuzi huo umepata umuhimu mpya kwa sababu wataalamu wa bayoteknolojia wameweza kuvipata vitu hivyo viwili, rangi na mafuta, ndani ya kiumbe kimoja kisichoonekana kwa macho matupu, yaani chachu. Makala haya yanafuatilia safari ya rangi nyekundu kutoka kwenye zingifuri na mawese ya Maniema hadi kwenye chachu za viwandani. Hoja yake kuu ni kwamba rangi na mafuta, ingawa kiwanda huvitafuta pamoja, havina uzito sawa kwa mwenyeji wa Kasongo au Kabambare: rangi ya biashara anaweza kuiacha iende kiwandani bila hasara kubwa, bali mafuta yenye rangi ndani yake ni chakula, na kuyapoteza ni kupoteza afya.

2. Zingifuri: jina lililohama

Neno zingifuri lina asili ya mbali. Limetoka katika Kiajemi na Kiarabu, na huko lilikuwa jina la jiwe, yaani madini mekundu yenye zebaki ambayo waandishi na wachoraji wa kale waliyasaga wapate rangi. Waswahili walipolipokea walilitumia pia kwa mmea, mzingifuri, ambao wataalamu wa mimea huuita Bixa orellana. Mmea huo haukutoka Uajemi wala Afrika. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, nao ulisambaa katika nchi nyingi za joto baada ya Wareno na Wahispania kufungua njia za bahari. Matunda yake yana miiba laini, na ndani mna mbegu zilizofunikwa na utando mwekundu unaopaka vidole mara tu vinapougusa.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwanaisimu. Jina liliacha jiwe likashika mbegu kwa sababu wasemaji walitazama kazi ya kitu badala ya asili yake: kilichotoa wekundu ule ule kilistahili jina lile lile. Jina hilo lilisafiri na misafara kutoka pwani hadi likafika Maniema. David Livingstone, aliyeingia Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mnamo Septemba 1869, alilisikia kwa Waarabu wa huko akaliandika kwa tahajia yake mwenyewe. Alieleza kwamba mmea huo unajulikana pia Uhindi, na kwamba Wamanyema waliutumia kutia rangi viramba, yaani vitambaa vyao vya nyuzi za mwale, na kujipamba nyuso na vichwa. Jina na matumizi hayo kwa pamoja vinaelekea kwenye mzingifuri huu huu wa Unguja.

3. Wino wa Nyangwe

Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi akiwa mgonjwa wa vidonda vya miguu, akaondoka Februari 1871 na kufika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba katika eneo la Kasongo ya leo, mwishoni mwa Machi mwaka huo. Wakati huo karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani, akikatisha mistari iliyochapwa, na wino wake akautengeneza kwa mbegu za zingifuri.

Ni kwa wino huo kwamba aliandika habari za mauaji ya soko la Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambapo wafanyabiashara wenye silaha waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Habari hizo zilipochapishwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, zilitoka katika nakala iliyoandikwa upya na kuhaririwa; kurasa zenyewe za magazeti zilikuwa zimefifia hata sehemu nyingi hazikusomeka. Mwaka 2011 ndipo timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilipotoa hadharani maandishi ya awali. Watafiti hao walizipiga kurasa picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali hadi herufi zikatengana na chapa ya gazeti. Ilionekana kuwa nakala ya 1874 haikulingana na maandishi ya awali katika kila jambo, na maswali yakazuka juu ya mwenendo wa baadhi ya watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe.

Wino huo unasaidia kueleza sayansi ya suala hili. Rangi kuu ya zingifuri huitwa biksini, nayo ni ya jamii ya karotenoidi. Jamii hiyo ndiyo inayotia rangi ya njano, machungwa au nyekundu katika karoti, mapapai, mahindi ya manjano na mawese. Karotenoidi nyingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na kwa jumla huharibika zikikaa kwenye mwanga na hewa. Rangi hiyo ilifaa mwili na kitambaa, vitu vinavyopakwa upya kila vinapochakaa, lakini haikuwa rangi ya kuhifadhia ushahidi kwa miaka mia moja.

4. Mawese: rangi iliyo ndani ya chakula

Mchikichi, ambao wengine huuita mgazi na matunda yake ngazi, ni mmea wa Afrika. Livingstone aliukuta kwa wingi Manyema. Utengenezaji wa mawese unajulikana vijijini: matunda huchemshwa, hutwangwa, kisha mafuta hutenganishwa na nyuzi na maji. Hatua ya kuchemsha hailainishi matunda tu. Joto huua kimeng'enya ambacho, kikiachwa, huyavunja mafuta na kuyafanya yawe na ukali. Wenyeji walijua matokeo ya hatua hiyo kabla ya kemia kueleza sababu yake.

Chini ya ukoloni, mafuta hayo yalitakiwa na viwanda vya sabuni na siagi ya mimea vya Ulaya. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilitia mkataba na William Lever, ikaanzishwa Huileries du Congo Belge yenye haki katika maeneo matano makubwa ya michikichi. Hakuna hata eneo moja kati ya hayo matano lililokuwa Maniema ya Kusini. Huku amri ya 1917 ililazimisha zaidi kilimo cha pamba. Mawese yaliendelea kuwa chakula cha nyumbani na bidhaa ya soko la karibu.

Thamani ya chakula hicho iko katika rangi yake. Kilo moja ya mawese mekundu ambayo hayajasafishwa huwa na karotenoidi kiasi cha miligramu 500 hadi 700, na sehemu kubwa ya hizo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuusaidia mwili kupambana na maradhi. Biksini ya zingifuri haina kazi hiyo. Mafuta yanaposafishwa kiwandani hadi kuwa meupe, karotenoidi huondolewa karibu zote. Mnunuzi hupata mafuta mazuri ya kutazama, lakini faida hiyo imekwisha kutoka.

Kasongo inajulikana katika maandiko ya afya ya jamii kwa utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, uliochapishwa mwaka 1981. Utafiti huo haukuhusu mawese. Hata hivyo unakumbusha kwamba surua imekuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa watoto wa nchi hiyo. Na inajulikana kuwa surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, na kwamba mtoto aliyepungukiwa nayo hudhurika zaidi. Katika mlipuko wa 2019 na 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo swali la nani atatengeneza mafuta, na ya rangi gani, linagusa uhai wa watoto.

5. Chachu nyekundu

Chachu inayofahamika zaidi ni ile inayoumua mkate na kugeuza utomvu wa mchikichi kuwa tembo. Zipo nyingine zisizosifika kwa kileo. Chachu za jamii ya Rhodotorula huonekana nyekundu au za rangi ya machungwa kwa sababu zinatengeneza karotenoidi, ikiwemo ile iliyomo katika mawese. Nyingine, iliyokusanywa na Herman Phaff na wenzake kwenye utomvu wa miti huko Japani na Alaska, ilibainika mwaka 1976 kuwa na rangi inayofanya nyama ya samaki wa samoni iwe nyekundu, nayo ikaingia katika chakula cha samaki wanaofugwa.

Kuhusu mafuta, chachu huhesabiwa kuwa ya mafuta ikiwa mafuta yanafikia angalau asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Baadhi hupita asilimia 60. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Chachu ikipewa sukari pamoja na naitrojeni ya kutosha, huzaliana. Naitrojeni ikiisha na sukari ikabaki, haiwezi kuzaliana tena, basi huigeuza sukari kuwa mafuta na kuyaweka akiba katika matone ndani ya seli. Katika chachu nyekundu, karotenoidi hukaa katika matone hayo hayo. Kwa maneno mengine, seli moja inarudia kazi ya tunda la mchikichi.

Wazo hili si jipya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani iliyozingirwa na kukosa mafuta ilijaribu kuyapata kwa chachu, katika kazi iliyoongozwa na Paul Lindner huko Berlin. Amani iliporudi, mafuta ya mimea kutoka nchi za joto yakawa rahisi zaidi, na jitihada hizo zikafifia. Kizuizi kikubwa bado ni kile kile: kwa kawaida sukari gramu 100 hutoa mafuta yapatayo gramu 20 tu. Ndiyo maana watafiti hutafuta malisho ya bei ndogo, kama vile wanga wa muhogo, molasi na mabaki ya mazao, na ndiyo maana kampuni kama C16 Biosciences ya New York ilianzia kwenye vipodozi, ambavyo bei yake ni kubwa, badala ya mafuta ya kupikia.

6. Funzo la nili

Historia imekwisha kuonyesha yanayotokea rangi inapohama shambani. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na katika muda wa miaka ishirini hivi biashara ya nili ya mashamba ya Uhindi ilikuwa imeporomoka. Maniema ya Kusini haikuishi kwa kuuza zingifuri, hivyo chachu ikichukua soko la rangi za vyakula na vipodozi, pigo halitakuwa kubwa huko.

Mawese ni jambo jingine. Iwapo mafuta ya chachu yatashusha bei ya mawese ya mashamba makubwa ya Asia, mafuta meupe ya bei nafuu yanaweza kufika hadi masoko ya ndani na kuyasukuma pembeni mawese mekundu ya kijijini. Kwa upande mwingine, nchi yenye muhogo na mchele ina malisho ya kukuzia chachu, na hakuna sheria ya maumbile inayoamuru kwamba mapipa yawe New York na mabaki ya mpunga yabaki Kasongo. Jambo la kuamua ni nani atakuwa na maarifa.

7. Suala la lugha

Maarifa hayo kwa sasa yamo katika Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili si maskini katika uwanja huu: kina chachu, lenye uhusiano na kitenzi chacha, na kina hamira kutoka Kiarabu. Inafaa hamira libaki kuwa bidhaa ya kuumulia unga, na chachu liwe jina la jumla la viumbe wenyewe. Hapo chachu za mafuta na chachu za rangi ni istilahi zinazoeleweka na kila msemaji. Na kwa kuwa zingifuri lilikwisha kuhama kutoka jiwe hadi mbegu bila kuleta mkanganyiko, hakuna ubaya likihama mara ya pili: chachu za zingifuri lingefaa sana kwa zile nyekundu.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa wekundu uliowapamba Wamanyema, ulioandika habari za Nyangwe na unaoyatia rangi mawese ni wa jamii moja ya kikemia, na kwamba chachu sasa zinautengeneza pamoja na mafuta. Yameonyesha pia kwamba faida ya rangi hutegemea mahali ilipo: kwenye gazeti la Livingstone ilififia, kwenye chungu cha mboga inalinda macho ya mtoto. Watafiti wa vyuo vya Maniema na wenzao wa Kiswahili wana kazi ya kuandika, kwa lugha inayosomwa Kasongo na Kabambare, mbinu za kutengeneza na kuhifadhi mawese mekundu, kabla ya ujuzi huo kuwa habari ya kusomwa katika vitabu vya wengine.