Taa za Onyo katika Magari ya Zamani ya Koboko

Katika historia ya magari, chombo kilichohamisha maarifa kutoka kwa dereva kwenda kwa fundi umeme ni taa ya onyo, yaani balbu ndogo ya dashibodi inayowaka pale chaji ya betri au presha ya oili inapopungua. Kampuni ya Hudson ya Marekani iliiweka mahali pa geji katikati ya miaka ya 1930, na tangu hapo dereva, ambaye awali aliuona mshale ukishuka taratibu, akawa anapata habari hitilafu ikiwa imekwisha kutokea.

Gari la spoti linaloweza kuhusishwa na Koboko, wilaya ya eneo la West Nile nchini Uganda, ni Citroën SM, lililotengenezwa Ufaransa kati ya 1970 na 1975 kwa injini ya Maserati, na ambalo Idi Amin, Mkakwa ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, alilimiliki alipokuwa rais. Katikati ya taa za onyo za SM ilikaa taa kubwa nyekundu ya STOP. Na kwa kuwa mfumo mmoja wa mafuta yenye presha uliendesha breki, usukani na springi, kuipuuza taa hiyo kulikuwa hatari kubwa.

Hata hivyo, taa yenyewe huweza kudanganya, na hapa ndipo ustadi wa fundi ulipoonekana. Taa ya chaji huungwa upande mmoja na betri kupitia swichi ya kuwashia, na upande wa pili na alteneta, mashine inayozalisha umeme injini inapozunguka, hivyo volteji za pande zote mbili zikilingana, umeme haupiti na taa huzima. Isipowaka kabisa swichi inapofunguliwa, balbu imeungua au waya umekatika, jambo ambalo si dogo, kwa sababu alteneta nyingi za zamani zilihitaji umeme uliopita katika balbu hiyo ili zianze kuchaji. Ikiwaka kwa ufifi safarini, hushukiwa brashi zilizolika, mkanda uliolegea au kiungo chenye kutu.

Taa ya oili ina hila nyingine. Swichi yake hufungwa kwenye injini na kupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari, kwa hiyo waya uliochubuka na kugusa bodi huiwasha hata presha ikiwa nzuri. Fundi aliyechomoa waya huo kwenye swichi na kuona taa ingali inawaka alijua kwamba kosa limo katika waya, naye akaepuka kuifungua injini bure. Na katika Uganda ya baada ya 1972, wafanyabiashara wa Kiasia walipofukuzwa na vipuri vikaadimika, uamuzi huo ulikuwa na thamani kubwa. Amin aliangushwa mwaka 1979, lakini Land Rover zilizobaki barabarani zilikuwa na taa hizo hizo mbili, na zilipimwa kwa namna ile ile.