Kamba za Kanazawa

Miti isiyopukutisha majani ina uzuri ambao ndio asili ya dhiki yake. Miti mingine huvua majani kabla ya baridi, theluji ikapita katikati ya matawi matupu. Bali ile yenye majani mwaka mzima huipokea theluji na kuilimbikiza, mpaka tawi likapinda au likavunjika. Mji wa Kanazawa, ulio upande wa magharibi wa Japani, umeizoea dhiki hii tangu zamani, kwa maana pepo za Siberia huchota unyevu baharini na kuushusha huko kuwa theluji ya majimaji, yenye uzito mkubwa.

Katika mji huo imo bustani ya Kenrokuen. Maeda Tsunanori, mtawala wa tano wa ukoo wa Maeda, aliianza katika mwaka wa 1676. Moto uliiteketeza mwaka wa 1759, warithi wake wakaifufua. Mtawala wa kumi na tatu, Maeda Nariyasu, alipata mbegu ya msonobari kutoka Karasaki, kando ya ziwa la Biwa, akaotesha mti ambao sasa umetandaza matawi juu ya bwawa.

Enzi ya mabwana hao ilikoma mwaka wa 1871, na mwaka wa 1874 bustani ikafunguliwa kwa watu wote. Mali ya mmoja ikisha kuwa ya wote, nani ataitunza? Jibu limo katika kamba. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Novemba, watunza bustani husimamisha nguzo kando ya misonobari, mfano wa milingoti ya jahazi, wakapanda kileleni na kuteremsha kamba za majani ya mpunga, kila kamba ikashika tawi lake. Msonobari wa Karasaki peke yake hupewa kamba zipatazo 800. Vichaka vya asalea navyo hukusanywa matawi, vikafungwa kama miganda. Husimuliwa kwamba ufundi huu ulitoka katika mashamba ya matufaha ya zama za Meiji, ambako wakulima waliyatundika matawi yaliyolemewa na matunda. Ikiwa ndivyo, bustani ya mabwana inalindwa kwa hekima ya mkulima.

Na madhara yakisha kutokea? Theluji huondolewa taratibu, tawi likiinuliwa kutoka chini. Lililopinda huachwa lijinyooshe majira ya joto yanapokuja. Lililopasuka huweza kufungwa. Lililovunjika hukatwa karibu na shina, pasipo kuijeruhi shingo yake. Lakini tiba hiyo ina mpaka. Katika miaka ya 1970 Alex Shigo, mtaalamu wa miti wa Marekani, alionyesha kwamba mti hauponi kama mwili wa mwanadamu: hauifanyi upya sehemu iliyoharibika, bali huizungushia ukuta, ukaendelea kukua nje yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mti nao hujenga ukuta, lakini ufa hubaki ndani yake maisha yote. Ndiyo sababu watu wa Kanazawa hawaingoji theluji. Kamba hufunguliwa mwezi wa Machi, na Novemba ikirudi hufungwa tena, na mikono ambayo majina yake hayakuandikwa katika tarehe ya ukoo wowote.