Redio Yako Inashika Nini? Kutoka Sufuria ya Lusaka hadi Simu ya Mkononi

Kuna swali tunalolipata mara nyingi kwa wasikilizaji wetu, na zaidi kwa familia zilizokimbia vita upande wa Pweto na Mitwaba: "Nimenunua redio mpya sokoni, iko nzima, lakini haishiki ile stesheni niliyokuwa nasikiliza kule nyumbani. Je, nimeibiwa?" Mara nyingi hujaibiwa. Redio ni nzima na stesheni inarusha, ila hivyo viwili havikutengenezwa vipatane. Jambo hilo lina historia ndefu kwetu kwenye ukanda wa shaba, upande huu wa mpaka na upande ule.

Tuanze ng'ambo, Lusaka. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilifungua kituo kidogo cha redio ili wananchi wapate habari za vita katika lugha zao. Aliyeongoza kazi hiyo ni Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari. Mtambo ulikuwepo, watangazaji walikuwepo. Wasikilizaji ndio waliokuwa haba, maana redio za siku zile zilikuwa masanduku makubwa ya mbao, za bei ya Mzungu, na zilitaka umeme wa ukutani au betri nzito. Mchimba migodi wa kawaida angeipata wapi?

Franklin alizunguka karibu miaka mitatu akiwabembeleza watengenezaji wa Uingereza wamtengenezee redio ndogo ya betri, ya bei nafuu. Mwaka 1949 kampuni ya Ever Ready ikakubali. Mwili wa redio hiyo ya kwanza ulitokana na sufuria ya alumini yenye upana wa inchi 9, bila mkono, ikapakwa rangi ya buluu. Ndiyo maana ilijulikana kama redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ililipwa kando. Betri moja iliweza kwenda saa kama 300. Katika miezi mitatu ya mwanzo ziliuzwa 1,500, na miaka iliyofuata zikafika makumi ya maelfu.

Hapa ndipo ninapotaka msikilizaji asimame kidogo. Redio ile ya sufuria ilishika masafa mafupi peke yake. Haikuwa na masafa ya kati, na FM ilikuwa haijafika huku. Mtu wa mjini angeweza kuicheka kwamba ni redio pungufu. Lakini Lusaka ilirusha kwa masafa mafupi, na nchi ni pana, vijiji viko mbali. Kila senti iliyookolewa kwa kuacha vitu visivyohitajika ilishusha bei. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa akili zaidi katika historia ya redio ya eneo letu: walitazama kwanza mtambo unarusha nini, kisha wakatengeneza kipokezi kinachoufuata.

Mawimbi hayaulizwi pasipoti. Kibemba kinasemwa Sakania na Kasenga kama kinavyosemwa Kitwe, na masafa mafupi huvuka mpaka bila kusimama kwenye bariera ya Kasumbalesa.

Upande wetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Radio Congo Belge ilianzishwa Leopoldville mwaka 1940, na kwa muda ilikuwa zaidi ya Wazungu kuliko ya wenyeji. Matangazo ya lugha zetu, Kiswahili kikiwemo, yalikuja kupata nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika mitaa ya Waafrika vipaza sauti viliwekwa mahali pa wazi, watu wakakusanyika kusikiliza. Kipaza sauti hakina kitufe cha kubadilisha stesheni. Aliyekiweka ndiye aliyekuchagulia.

Miaka ya 1950 ilipokuwa inaisha, transista ikaingia. Redio ikawa nyepesi, ikatumia majiwe madogo, mtu akaweza kuibeba begani. Ilikuja wakati wa moto. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza redioni kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 13 Septemba 1961, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walipoanza operesheni yao hapa Elisabethville, sehemu walizozipigania mwanzo kabisa ni posta na jengo la redio. Yeyote anayesema redio ni kitu cha kupitisha muda tu, aulize wazee wa Kamalondo na Katuba.

Sasa tufike kwenye masafa yenyewe, maana ndiyo yanayoleta ugomvi sokoni. Masafa mafupi, kuanzia megahezi 3 hadi 30, hupanda juu, hugonga tabaka la anga na kurudi chini mbali sana, mamia au maelfu ya kilomita. Ndiyo yaliyotuletea BBC ya Kiswahili tangu 1957 na Deutsche Welle tangu 1963. Sauti inapanda na kushuka, usiku si sawa na mchana, lakini inafika. FM, ambayo kwetu iko kati ya megahezi 87.5 na 108, ina sauti safi, lakini huenda moja kwa moja kama macho yanavyoona. Mlima ukiwa katikati, imekwisha. Stesheni ya FM ya Lubumbashi haiwezi kufika Pweto bila mtambo wa kuipokea njiani na kuirusha tena.

Miaka ya 1990, baada ya chama kimoja kuondolewa, stesheni za FM zilianza kumea mjini, na wafanyabiashara wakaleta redio za FM tupu kwa sababu ndizo rahisi. Mjini zinatosha. Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, nchi ilikuwa imegawanyika na mistari ya vita. Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi waliweka FM katika miji, na mwanzoni wakatumia pia masafa mafupi ili wa kijijini wasiachwe. Aliyekuwa na redio ya FM tupu porini hakufaidika na hayo ya pili.

Kuna kisa kingine kinachotuchekesha barabarani. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, na huko FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Dereva anazungusha, anazungusha, anapata stesheni moja au hakuna. Redio si mbovu. Stesheni nyingi ziko juu ya pale inapoishia. Mafundi wana kifaa kidogo cha kufunga kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa hayo. Hata gari la mtoto la kuongozwa kwa rimoti lina sheria hiyohiyo: rimoti ya megahezi 27 haiwezi kuamuru gari lenye kipokezi cha megahezi 49. Zile mpya za gigahezi 2.4 ni kali zaidi. Masafa yanaweza kuwa sawa, lakini kila mtengenezaji ana lugha yake, na kipokezi lazima kwanza kifungwe na rimoti yake.

Kwa familia zilizo kambini au kwa ndugu, hili lina uzito wa pekee. Habari kwamba barabara ya Mitwaba imefunguliwa, au kwamba kijiji kimerudiwa, haikungojei. Kabla ya kutoa pesa, uliza stesheni unayoitaka inarusha kwa masafa gani pale ulipo leo, na pale utakaporudi kesho. Ukikaa Lubumbashi, FM inatosha. Ukitegemea kurudi kijijini, tafuta redio iliyoandikwa SW, hata ikiwa ya mkono wa pili. Fungua nyuma uone inatumia majiwe ya ukubwa gani, na kama majiwe hayo yanapatikana kule. Redio za kukoroga kwa mkono, zilizobuniwa na Mwingereza Trevor Baylis na kutengenezwa Cape Town katika miaka ya 1990, ziligawiwa sehemu nyingi za vita kwa sababu hiyo hiyo.

Na wenye simu zenye FM: chomeka waya wa masikioni, hata kama unasikiliza kwa kipaza sauti. Waya huo ndio antena yako.