Kabla ya simu ilikuwa redio

Ukipita Zone Industrielle saa sita mchana, upande wa kiwanda cha bia cha Brarudi, utawakuta vijana wanaongoja kibarua wameinamia simu. Simu moja, kioo kimepasuka, na vichwa vinne vinachungulia. Wazee wakipita wanasema: simu imekula hawa watoto. Maneno hayo ni ya zamani kuliko simu yenyewe, na ndiyo sababu nayaandikia historia.

Zamani kilichoogopwa ni redio. Na watu hawakuogopa bure. Kule Rwanda, RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na mwaka uliofuata ikawa inataja hewani watu wa kuuawa. Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa kati ya waanzilishi wake. Burundi nayo ilikuwa imeingia vitani tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Mzazi wa wakati ule akimwona kijana ameweka sikio kwenye redio usiku, moyo ulimdunda.

Lakini redio hiyohiyo ikatumika kutibu. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilifungua Studio Ijambo hapa Bujumbura, waandishi Wahutu na Watutsi wakifanya kazi pamoja. Ukaja mchezo wa Umubanyi niwe muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ni habari za familia mbili jirani, moja ya Kihutu na moja ya Kitutsi. Watu walikaa kuusikiliza pamoja, na hakuna aliyesema redio imekula watoto! Baadaye zikaja redio za watu binafsi: RPA mwaka 2001, Isanganiro mwaka 2002.

Halafu 2015. Maandamano yalianza tarehe 26 Aprili, na siku chache tu baadaye WhatsApp, Facebook na Twitter zikafungwa kwenye simu. Vijana wa makartie wakajifunza VPN kwa siku moja, wakafundishana, wakafundisha mpaka baba zao. Tarehe 13 Mei likatokea jaribio la mapinduzi, na ndani ya siku mbili RPA, Bonesha, Isanganiro na Télé Renaissance zikashambuliwa na kunyamazishwa. Waandishi waliobaki bila studio walianzisha SOS Médias Burundi kwenye mitandao. Kwa wengi wetu simu iliacha kuwa mchezo siku ile. Ukitaka kujua njia gani imefungwa, au ndugu yako amefika Kagunga na anangoja meli ya Liemba impeleke Kigoma, ulitazama simu.

Na uongo ulipita njia hiyohiyo. Picha za zamani, hata za nchi nyingine, zikatumwa kama za jana usiku. Watu wakafunga mizigo kwa sababu ya picha.

Sasa, vijana wenyewe wanasema nini? Nimeongea na wengi, Warundi na sisi Wakongomani, na karibu wote wanasema mambo mawili kwa mara moja. Simu inawaibia usingizi. Inawamalizia franga kwenye mega na kubeti. Inawaonyesha rafiki aliyepata risetolmenti amesimama kwenye theluji, na wewe mwaka wa tisa bado unangoja. Lakini waambie waiache, watakushangaa. Februari 2025, watu walipokimbia Bukavu na Kivu ya Kusini wakivuka Rusizi kuingia Cibitoke, wakajaa uwanja wa Rugombo, vijana wa hapa walikesha kwenye kioo wakitafuta sura ya mama kati ya maiti na umati. Yule anayesema video zile zimemharibu kichwa ndiye huyo aliyempata dada yake kwa njia hiyo. Utamwambia nini?

Hapa nawageukia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima. Semina za kuwaambia vijana wapunguze simu zinakosea mgonjwa. Mtoto wa mjini aliyetulia akizima simu anakosa mchezo tu. Mkimbizi akizima anaweza kukosa habari ya nani yuko hai. Kinachowaumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kutazama peke yao, usiku, chini ya blanketi. Redio ilisikilizwa na nyumba nzima. Mzee alikuwepo wa kusema "huyu anadanganya".

Kuna grupu moja la vijana nimeliona ambamo video ya vita haipiti mpaka aliyeituma ajibu: imepigwa wapi, lini, na nani amekuthibitishia? Asipojibu, inafutwa. Hakuna shirika lililowafundisha. Wamechoka tu kuwapigia simu mama zao saa nane za usiku kwa habari ya uongo.