Simu ya Upepo Kwenye Pwani ya Kismayu

Pwani inayoanzia Kismayu na kushuka kusini hadi Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Kenya, ina urefu wa zaidi ya kilomita 150. Mbele yake vimejipanga visiwa vya Wabajuni, miongoni mwavyo Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wenyeji wake huzungumza Kibajuni, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini, na huishi kwa uvuvi na usafiri wa baharini. Kwa watu waliotawanyika namna hii, habari inayofika kwa wakati ni kinga ya maisha. Redio ya kupokezana maneno, ambayo wengi huiita simu ya upepo, imeihudumia pwani hii tangu enzi za ukoloni, na mitambo yake imebadilishwa mara nyingi: kutoka cheche hadi sauti, kutoka analojia hadi dijitali, na sasa kutoka toleo moja la programu hadi jingine. Katika kila badiliko, thamani ya chombo kipya imetegemea kama aliye upande wa pili bado anaweza kusikia.

Kabla ya mawimbi

Kwa karne nyingi habari ilisafiri na chombo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Banadir kuelekea Lamu, Mombasa na Unguja, kusi iliyarudisha. Kusi inapochafua bahari katikati ya mwaka, mashua ndogo hubaki zimefungwa, na kisiwa huweza kukaa siku nyingi bila habari yoyote kutoka bara.

Mwaka 1875 udhaifu huo uligusa hata dola. Manowari za Misri, zikiongozwa na McKillop, Mwingereza aliyekuwa akimtumikia Khedive Ismail, zilitua Barawa na Kismayu, sehemu zilizokuwa chini ya Sultani Barghash wa Unguja. Wamisri waliondoka mwanzoni mwa 1876 kwa shinikizo la Uingereza. Wakati huo Unguja yenyewe haikuwa na simu ya waya. Kebo ya chini ya bahari kutoka Aden iliifikia mwaka 1879. Taarifa za uvamizi zilipaswa kungoja chombo na upepo.

Mitambo ya dola

Baada ya utawala wa Sultani, Kismayu ilikuwa mji mkuu wa Jubaland, jimbo la himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na Mto Juba ulikuwa mpaka wao na Waitaliano. Upande wa pili wa mto, Waitaliano walitumia mitambo ya Marconi kuiunganisha Mogadishu na kituo kikubwa cha Coltano, karibu na Pisa, kilichoanza kazi mwaka 1911. Hizo zilikuwa redio za cheche. Hazikubeba sauti, ila nukta na mistari ya Morse, na wimbi lao lilitapakaa kwenye masafa mapana likiwazuia wengine kuzungumza.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia sehemu kubwa ya Jubaland. Kwa mwaka mmoja eneo hilo liliendeshwa peke yake kwa jina la Oltre Giuba chini ya Corrado Zoli, kisha tarehe 1 Julai 1926 likaunganishwa na Somalia ya Kiitaliano. Kismayu, iliyokuwa ikipeleka ripoti zake Nairobi, ikaanza kuzipeleka Mogadishu. Wabajuni wa Chula na jamaa zao wa Faza na Kiunga, upande wa Kenya, wakajikuta chini ya serikali mbili, kila moja ikiwa na mawasiliano yake.

Wakati huohuo ulimwengu ulikuwa ukiiaga cheche. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927 uliweka ratiba ya kuiondoa, na kufikia 1940 ilikuwa imepigwa marufuku isipokuwa kwa mitambo midogo sana. Huu ulikuwa mfano wa mapema wa sasisho la lazima: mwenye redio ya cheche hakuulizwa kama mashine yake bado inafanya kazi, kwa sababu madhara yake yaliwaangukia majirani wa masafa.

Badiliko la pili lilikuja na redio ya masafa mafupi, yaani HF, inayorusha sauti mbali kwa kuidundisha kwenye tabaka la juu la anga. Redio ya awali ya sauti ilitumia nguvu nyingi kutuma wimbi beba pamoja na nakala mbili za sauti ileile. Mfumo mpya wa ukanda mmoja, SSB, ulituma nakala moja tu, ukafika mbali zaidi kwa umeme mdogo. Lakini mpokezi wa zamani akisikiliza SSB husikia sauti iliyokorogeka asiyoweza kuielewa. Ndiyo maana vyombo vya baharini vilipewa miaka mingi ya kuhama, na mwisho ukawekwa mwaka 1982. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, na bandari ya kisasa ya Kismayu ilijengwa kwa msaada wa Marekani katika mwongo huohuo. Sheria za redio za kimataifa zikafika bandarini pamoja na meli, ila mashua za visiwani zilibaki nje. Hata mfumo wa usalama wa baharini wa GMDSS, uliokamilika Februari 1999, unazibana meli za mizigo za tani 300 na zaidi pamoja na meli za abiria za kimataifa. Mashua ya mvuvi wa Koyama haimo.

Taar

Mwezi Januari 1991 serikali ya Mohamed Siad Barre ilianguka, na simu za serikali zikafa pamoja nayo. Kismayu ikagombaniwa na makundi yenye silaha. Wabajuni, wasiokuwa na wanamgambo wa kuwalinda, waliporwa vyombo na nyumba. Wengi walikimbia kwa bahari hadi Kenya, na baadhi yao wakawekwa kambini Jomvu, Mombasa. Familia zilitawanyika Kismayu, Mombasa, Dadaab, Nairobi, Yemen na Ulaya.

Pengo hilo lilijazwa na redio za HF zilizomilikiwa na watu binafsi. Wasomali waliziita taar. Kituo kilihitaji redio moja, mara nyingi ya wati 100, betri ya gari, jenereta au paneli ya kuichaji, na waya mrefu uliotandazwa kati ya milingoti miwili. Mwendeshaji alikariri masafa na ratiba. Mchana alitumia masafa ya juu, usiku akashuka, kwa sababu tabaka la anga linalorudisha mawimbi hubadilika jua linapozama. Mteja alitaja mji na jina la ndugu yake. Mwendeshaji wa mji ule alituma kijana kumtafuta. Kisha wote wawili walikutanishwa hewani saa iliyopangwa. Katika vituo vingine redio iliunganishwa na simu ya mezani ya Nairobi, na sauti kutoka kambi za Dadaab ikafika hadi ng'ambo.

Taar ilibeba pia pesa, kwa maana ya maagizo ya pesa. Mtu alilipa kwa wakala wa hawala mji mmoja, jina na kiasi vikatajwa redioni, na ndugu yake akapokea mji mwingine. Kwa kuwa kila mwenye redio aliweza kusikiliza, mawakala walitumia namba na maneno ya siri. Serikali ya Kenya, kwa upande wake, iliitazama mitambo isiyo na leseni kambini kama tishio la usalama.

Nguvu ya taar ilikuwa usawa wake. Redio za makampuni tofauti, za umri tofauti, zilielewana mradi masafa yalikuwa sawa na zote zilitumia SSB. Fundi wa Kismayu aliweza kubadilisha transista iliyoungua bila kumwomba mtengenezaji ruhusa. Hakukuwa na programu ya kusasisha.

Simu za mkononi na mashirika mapya yaliipunguzia taar wateja. Al-Barakaat, iliyounganisha hawala na simu, ilikua haraka hadi Marekani ilipozuia mali zake tarehe 7 Novemba 2001. Kampuni ya simu ya Hormuud ilianzishwa mwaka uliofuata. Hata hivyo simu ilikuwa na mwenyewe wa kuizima. Januari 2014 al-Shabaab, kundi lenye silaha lililokuwa limepoteza Kismayu mwishoni mwa 2012 lakini likishikilia sehemu kubwa za mashambani, iliamuru kampuni za simu zifunge intaneti ya mkononi. Kwa mashirika ya misaada na vyombo vya usalama, redio isiyotegemea mnara wa kampuni ilibaki kuwa hitaji la kwanza.

Kuingia kwa dijitali

Redio za VHF zinazoshikwa mkononi hufuata njia karibu iliyonyooka, na mviringo wa dunia huzikatisha. Watu wawili kwenye mashua, antena zao zikiwa mita 2 juu ya maji, husikilizana hadi takriban kilomita 11 au 12. Mlingoti wa mita 30 ulioko Kismayu utaifikia mashua iliyo umbali wa karibu kilomita 28, kabla haijafika Koyama. Kuvuka mipaka hiyo kunahitaji ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya kutoka mahali pa juu. Baharini, chaneli 16 ya megahezi 156.8 ndiyo ya kuombea msaada, na ni ya analojia. Tangu 2006 Mombasa ina kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini.

Mwaka 2005 taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, ilichapisha kiwango cha DMR. Redio ya DMR hugeuza sauti kuwa tarakimu na kugawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 katika nafasi mbili za muda, hivyo mazungumzo mawili hupita pamoja. Nyingi kati yake hufanya kazi kwa dijitali na kwa analojia. TETRA, kiwango cha ETSI cha miaka ya 1990, kilienea kwa polisi na wanajeshi wa nchi nyingi. Kwa mifumo hii kazi kubwa ya redio ilitoka kwenye vipuri na kuhamia kwenye programu ya ndani ya kifaa, ambayo mafundi huiita famuwea. Ndiyo inayochambua sauti, kulinda siri na kusimamia chaneli, na hubadilika mtengenezaji anapotoa toleo jipya.

Uamuzi wa kusasisha

Toleo jipya huwa na mambo ya aina tatu: marekebisho ya hitilafu, huduma mpya, na kuziba mianya ya usalama. Uzito wake si sawa. Huduma mpya ambayo hakuna atakayeitumia si sababu ya kugusa redio inayofanya kazi vizuri. Hitilafu inayokata sauti au kuifanya redio iachane na ripita ni sababu ya kutosha. Mwanya wa usalama unataka kusomwa kwa makini, kwa kuwa si kila mwanya huzibwa na famuwea. Julai 2023 watafiti wa Midnight Blue, kampuni ya Uholanzi, walitangaza udhaifu kadhaa katika TETRA. Mmoja uliweza kurekebishwa kwa toleo jipya. Mwingine ulikuwa ndani ya TEA1, njia mojawapo ya kuficha maneno, ambayo ufunguo wake ulikuwa umepunguzwa kisirisiri hadi biti 32. Huo haukuwa na sasisho la kuuponya. Mtumiaji alipaswa kuhamia njia nyingine ya usimbaji au kuongeza usimbaji wake mwenyewe kutoka mwisho hadi mwisho. Katika eneo ambalo msafara wa chakula unaweza kuviziwa kwa kusikilizwa tu, tofauti hiyo ni ya uhai.

Hatari za kusasisha nazo ni za kweli. Umeme ukikatika katikati ya kazi, redio inaweza kubaki haiwaki. Toleo la famuwea lazima lilingane na toleo la programu ya kompyuta inayopangia redio chaneli zake, na kwa redio nyingi kurudi toleo la nyuma ni vigumu au haiwezekani. Redio chache zikisasishwa na ripita ikaachwa, au kinyume chake, huduma fulani zinaweza kupotea kati yao. Mji kama Kismayu, ambako umeme ni wa jenereta na jua, hauko karibu na karakana ya mtengenezaji ya kuokoa redio iliyokwama.

Kwa hiyo uamuzi una mpangilio wake. Kwanza, maelezo ya toleo husomwa ili kujua linarekebisha nini. Pili, redio zote za mtandao huorodheshwa pamoja na matoleo yake, zikiwemo za washirika wanaotumia chaneli ileile. Tatu, mpangilio wa chaneli wa kila redio huhifadhiwa mahali salama, na famuwea huchukuliwa kwa mtengenezaji au wakala wake pekee. Nne, redio mbili au tatu husasishwa kwa betri iliyojaa na umeme wa akiba, kisha hujaribiwa kupitia ripita na moja kwa moja, pamoja na redio za zamani. Zikifaulu, zilizobaki hufuata kwa ratiba moja, katika kipindi kisicho na msafara wala safari ya bahari, huku HF ikiwa hewani kama njia mbadala. Aliye na redio moja tu ya kumfikisha nyumbani haisasishi siku ya safari.

Mtandao usio na hitilafu wala mwanya unaouhusu unaweza kungoja, mradi kuna mtu aliyepewa jukumu la kufuatilia matoleo na tarehe ya kulipitia tena suala hilo. Lakini kungoja bila mwisho kuna gharama: mtengenezaji huacha kuhudumia matoleo ya zamani, na redio mpya zinazonunuliwa huja na famuwea ambayo zile za zamani huenda zisiielewe vizuri. Mtandao uliokaa miaka mingi bila kuguswa hulazimika kuhama wote kwa mara moja, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Katika hali zote mbili, chaneli ya analojia inapaswa kubaki ndani ya kila redio ya dijitali inayotumika kwenye pwani hii, na walinzi wa zamu wafundishwe kuisikiliza. Wavuvi wa visiwani hawafungwi na ratiba ya mtengenezaji yeyote, na wengi wao hawana redio ya dijitali. Mwenye mtandao ana haki ya kusasisha redio zake kwa kadiri ya mahitaji yake, na ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wito wa msaada kutoka mashua iliyo nje ya mtandao huo bado unamfikia.