Banda la Tapentaini

Mvua ikianza, mwalimu wetu wa hisabati alikuwa anaweka chaki mezani na kukaa. Hapakuwa na namna nyingine. Darasa letu la nne lilikuwa bati tupu, kuta na paa, bila dari, na matone yakishaanza kugonga tulibaki kuiona midomo yake ikicheza bila kusikia neno. Siku za jua, ikifika saa tano, tulihamia chini ya mwembe na kuyaachia mabegi darasa. Nilidhani shule zote ziko hivyo.

Mwaka juzi mama, ambaye ni mwalimu mstaafu, alinipigia simu kutoka kijijini kwao wilayani Kilosa. Kamati ya shule ilikuwa imepewa fremu nzima ya godauni na mfanyabiashara aliyefunga shughuli zake: nguzo, kenchi, na mabati yake yote. Ilibaki kuisimamisha tu. Wengi walitaka yatoke madarasa mawili, maana darasa la pili na la tatu walikuwa wanapokezana chumba kimoja. Mama hakutaka. "Wewe si ulisoma historia chuo kikuu?" akaniambia. "Njoo uwaeleze watu hawa." Nilicheka. Historia niliyosoma mimi ilikuwa ya mikataba na vita, haikuwa na kenchi ndani yake. Lakini mama akikuita huendi mikono mitupu, basi nikaanza kutafuta.

Bati la migongo lilizaliwa bandarini. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya gati za London, alipewa hataza ya kukunja bati la chuma liwe na mawimbi. Wazo lake unaweza kulijaribu hapo ulipo. Shika karatasi ya daftari kwa ncha moja, itainama. Ikunjekunje kama kipepeo cha kupepea mkaa, itanyooka na kubeba hata kalamu. Kwa mikunjo hiyo paa la upinde liliweza kujishikilia lenyewe bila msitu wa mbao chini yake. Moja ya majengo ya kwanza kuezekwa hivyo lilikuwa banda la kuhifadhia tapentaini, hapohapo bandarini.

Nililisoma hilo nikalirudia. Tapentaini hushika moto upesi na ilihifadhiwa kwenye mapipa, na mapipa yanataka nafasi pana ya kuyabingirisha na paa lisiloungua. Kwa mzigo huo jengo lile lilikuwa jibu kamili. Pipa halisumbuliwi na kelele za mvua. Pipa halifanyi mtihani wa taifa. Mengi yaliyoharibika baadaye, naona mimi, yalianzia pale watu waliposahau kwamba lile lilikuwa jibu la swali la mapipa.

Na walisahau haraka. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki ili kisishike kutu, na baada ya hapo bati likasafiri dunia nzima. Wachimba dhahabu wa California waliletewa nyumba za chuma kwa meli, vipande vipande. Mwaka 1851 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, aliagiza ukumbi wa dansi wa mabati kwa ajili ya kasri la Balmoral, Uskoti. Huo haukuwa uamuzi mbaya. Uskoti ni baridi, watu wanacheza usiku, na muziki unashindana na mvua vizuri kuliko mwalimu wa hisabati.

Kwetu kusini mwa ikweta hesabu ni nyingine. Ukifika Maputo, karibu na bustani ya Tunduru, utaiona Casa de Ferro, nyumba ya chuma ya mwaka 1892. Wageni huambiwa ni kazi ya Gustave Eiffel, dai ambalo wanahistoria wa majengo wanalibishia. Ilikusudiwa iwe makazi ya gavana wa Kireno. Ikasimama, ikapendeza, ikawa tanuri. Haikufaa kukaliwa, na jumba lililoletwa kwa ajili ya bwana mkubwa likaishia kutafutiwa kazi nyingine. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwa namna isiyo ya kistaarabu. Gavana alikuwa na uwezo wa kuhama. Sisi tulikuwa na mwembe.

Walioelewa tofauti ya mzigo na mtu, ajabu, walikuwa wanajeshi. Mwaka 1916 Meja Peter Norman Nissen wa jeshi la Uingereza alibuni kibanda cha nusu duara, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa. Kilienea katika gari moja la jeshi, na watu sita walikisimamisha kwa saa nne. Hiyo ndiyo sifa inayotajwa siku zote. Isiyotajwa ni kwamba ndani kilikuwa na ngozi ya pili, na kati ya ngozi hizo mbili palikuwa na hewa. Nissen alijua mle watalala askari. Mwaka 1941 Wamarekani wakaja na kibanda chao cha umbo lilelile, Quonset, kilichopewa jina la mahali kilipobuniwa katika jimbo la Rhode Island. Cha kulala watu kilikuwa kidogo, kimewekwa tabaka la kuzuia joto na mbao laini ndani. Cha bidhaa kilifika futi 40 kwa 100, na hakikubembelezwa hivyo. Umbo moja, lakini mtu alipaswa kusema kwanza ni nini kitakachokaa ndani.

Swali likabaki: je, nyumba ya chuma inaweza kumfaa mtu kwenye jua kali? Inaweza. Mfaransa Jean Prouvé alitengeneza nyumba ya aluminiamu na chuma ikapelekwa Niamey mwaka 1949, na mbili zaidi Brazzaville mwaka 1951. Zilikuwa na paa la tabaka mbili ili hewa moto itoke juu, baraza pande zote, vizuizi vya jua, na vitundu vya kioo cha buluu milangoni. Kila kitu tulichokosa darasa la nne kilikuwepo. Zilitengenezwa tatu tu, kwa sababu hazikuwa rahisi kuliko kujenga kwa vifaa vya palepale. Baadaye wafanyabiashara wa sanaa walizirudisha Ufaransa, na mwaka 2007 moja ikauzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenda Kilosa. Kikao kilifanyika chini ya mti, kama ilivyo ada. Nilieleza habari za mapipa, gavana, na askari. Mzee mmoja akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tumelala chini ya bati maisha yetu yote. Mbona tupo?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Mama ndiye aliyesimama. "Mzee wangu, wewe unalala usiku, na kuta zako ni za tofali. Kaa ndani ya godauni saa saba mchana, mimi nikufundishe kugawanya."

Watu wakacheka, lakini hoja ya mzee haikufa. Kuweka dari, kupandisha kuta za tofali hadi chini ya kenchi, na kukata madirisha kungegharimu karibu sawa na kujenga upya, na fremu yenyewe ilikuwa pana mno kwa darasa. Ubao usingesomeka kutoka nyuma. Fundi wa kuchomelea akapendekeza iwe ghala la mahindi. Hata hapo akaonya kwamba chuma hupoa haraka usiku na kutoa jasho kwa ndani, na jasho likidondokea magunia unakaribisha sumukuvu. Akataka matundu ya hewa kwenye kipeo cha paa, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na mahindi yasiingie kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Katika kikao kile hakuna aliyejua zaidi yake.

Kura zikapigwa: ghala. Wanakijiji wakakubaliana kwamba ada ya kuhifadhi ijenge madarasa ya tofali.

Nilirudi msimu uliofuata. Ghala limesimama, na matundu juu kama fundi alivyotaka. Madarasa yamefika kwenye lenta na yamekwama hapo. Darasa la tatu walikuwa nje wakisubiri zamu yao, na mtoto mmoja, ameshika daftari kichwani kujikinga na jua, akaniuliza kama mimi ndiye yule mgeni aliyesema wasipewe lile jengo.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.