Shujaa katika tendi za msitu wa Kongo

Shujaa katika tendi za msitu wa Kongo ni mhusika mwenye nguvu zinazompita binadamu yeyote, ambaye habari zake husimuliwa kwa nyimbo, ngoma na maigizo. Wawili wanaojulikana zaidi ni Lianja wa Wamongo na Mwindo wa Wanyanga. Wote wawili huzaliwa wakiwa tayari kwa vita. Lakini nguvu peke yake hazimkeshezi msikilizaji, kwa kuwa anajua tangu mwanzo nani atashinda. Asichokijua ni kama shujaa atafaa kuishi na watu baada ya kushinda, na hapo ndipo utamu wa tendi hizi ulipo.

Malezi ya vijana yanasaidia kulielewa swali hilo. Eneo la Opala, kusini-magharibi mwa Kisangani katika mkoa wa Tshopo, lina wenyeji wengi Wambole, ambao kwa kawaida huhesabiwa katika jamii pana ya Wamongo. Kwao vijana wa kiume walifundwa katika chama cha Lilwa. Walionyeshwa sanamu za mbao ziitwazo ofika, mfano wa watu walionyongwa kwa kuvunja sheria kubwa, ikiwemo kutoboa siri za Lilwa. Jamii inayowalea vijana wake hivyo haimwoni mtu kuwa mkubwa kwa sababu tu hakuna awezaye kumzuia.

Utendi wa Lianja ulichapishwa na mmisionari Edmond Boelaert mwaka 1949, kutoka kwa Wankundo, kundi mojawapo la Wamongo, kwa jina la Nsong'a Lianja. Nsongo, dada pacha wa shujaa, ndiye anayetajwa kwanza katika jina hilo. Mama yao, Mbombe, alipokuwa mjamzito alitamani matunda ya msafu. Mumewe akayafuata na akauawa. Lianja anazaliwa na deni la damu ya baba, analilipa, kisha anawaongoza watu katika safari ndefu kuelekea mto mkubwa, akiyaachia makundi mbalimbali mahali pa kukaa njiani. Kisasi kinamtia vitani, ila kinachompa heshima ni wale anaowatafutia makao.

Mwindo anastahili maelezo marefu zaidi. Mwaka 1956, huko Walikale, katika nchi ya Wanyanga, msimulizi Candi Rureke aliutoa utendi huu kwa Daniel Biebuyck, ambaye aliuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shemwindo, chifu wa Tubondo, hataki mtoto wa kiume. Mwindo anapozaliwa, baba anamrushia mikuki, anamzika hai, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka na kumwendea shangazi yake, Iyangura. Anarudi na kumfukuza baba yake hadi kuzimu, huku akijisifu kila hatua.

Anapomkamata, hamuui. Anamrudisha nyumbani, Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu, shangazi anamkaripia ndugu yake hadharani, na nchi inagawanywa kati ya baba na mwana. Ni ushindi mgumu kuliko wa mikuki, maana Mwindo anakubali kukaa jirani na aliyetaka kumzika.

Hata hivyo majivuno hayajamtoka. Anawatuma wawindaji kumtafutia nyama ya nguruwe, na zimwi Kirimu linapowameza, analiua. Zimwi hilo lilikuwa rafiki wa Nkuba, radi, ambaye anamnyanyua Mwindo hadi angani. Kwa mwaka mzima anateswa na mvua, mwezi, jua na nyota, naye hana la kufanya. Akirudi anawaachia watu sheria: walime mazao mengi, wasigombane, wasimdhihaki mlemavu. Sehemu hii ya angani ndiyo moyo wa utendi wote, ingawa haina pigano hata moja.

Katuni za Marekani zilifikia jambo kama hilo, kwamba nguvu peke yake hazitoshi, kwa njia yao. Superman alitokea mwaka 1938 akiwa karibu hana udhaifu, na waandishi walilazimika kumtafutia. Spider-Man, mwaka 1962, alianza na kosa: alimwacha mwizi apite, na mwizi huyo akamuua mjomba wake.

Tukirudi kwa Mwindo, mwaka 1978 Biebuyck alichapisha tendi nyingine za Wanyanga kutoka kwa wasimulizi tofauti. Kwa hiyo Mwindo wa Rureke ni mmoja tu kati ya Mwindo kadhaa.